Wageni Tisa wa Monsieur Kalala

Ngalula alipobisha mlango mwezi uliopita, kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vyake. Hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, hakuna anayevaa viatu vyeupe katika majira ya mvua, ila awe ametoka mbali na hayajui matope yetu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba hivi, ameshika mfuko wa ndizi, na alipotabasamu nikaona mwanya wa meno ya mbele ambao niliutambua kabla sijamtambua yeye. "Jambo, Tantine Odile," alisema. "Minye Ngalula, wa kwa Monsieur Kalala. Tulikuwaka tunaishi mu hii nyumba." Nilimkumbatia, nikampa kiti kizuri, nikamwuliza habari za safari, na muda wote huo moyo wangu ulikuwa unaniambia: basi, yamefika, amekuja kwa ajili ya nyumba. Nisijifanye mtakatifu. Nyumba ninayoishi aliijenga baba yake, tofali kwa tofali, zamani mshahara wa mwalimu ulipokuwa bado unanunua tofali. Mjomba wangu aliichukua mwaka wa 1993, na mjomba alipokufa ikaniangukia mimi niliyemwuguza. Katika kupanga vitu vyake nilikuta karatasi ya kiwanja, na juu yake jina la Monsieur Kalala, halijafutwa. Niliikunja, nikaificha chini ya vitenge katika sanduku langu, na sikumwambia mtu. Imekaa pale miaka kumi na minne.

Ngalula hakuuliza habari ya nyumba. Aliniambia baba yake alifariki kiangazi kilichopita, kule Mwene-Ditu, katika Kasai, na kwamba kabla ya kufa aliwaagiza watoto. "Papa alisema, siku moja mutaenda Likasi, mutakula maharagi kwa Odile." Nilimwonyesha chumba cha mbele apumzike, maana alikuwa amesafiri siku nyingi, nikatoka uani kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Maharagi ya siku hizi ni magumu kama watu wa siku hizi; yanataka saa mbili za makaa. Niliketi kando ya sufuria kwa saa hizo mbili, nikauruhusu mwaka ule urudi.

Nani alinizaa, na kwa nini nilikuwa kwa mjomba, tuyaache. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, katika darasa la mwisho la hesabu, na shule ilikuwa imefungwa kwa kuwa walimu walichoka kufundisha bure. Kampuni ya migodi, iliyolisha mji huu tangu enzi za babu zetu, ilikuwa inalipa mwezi mmoja na kusahau mitatu. Pesa ilioza mfukoni upesi kuliko nyanya. Ulikwenda sokoni na mfuko wa noti, ukarudi na unga wa kujaza kofia. Katika hali hiyo ndipo jirani yetu Papa Donat alipoleta karata. Papa Donat alihudumu miaka ishirini katika Serkle, ndiyo klabu ya wakubwa wa kampuni, na kila Jumamosi alisimama na sinia nyuma ya viti vya wazungu waliokuwa wakicheza poker. Wao walicheza, yeye alitazama. Serkle ilipofungwa bila kumlipa, alijilipa mwenyewe: koti lake jeupe la kazi, uma sita, na pakiti ya karata ambayo mbili ya almasi ilikuwa imepotea, na mahali pake kukawa na jokeri iliyoandikwa kwa kalamu. Alitufundisha watu watatu: Monsieur Kalala, jirani yetu Mama Feli, na mimi. Unapewa karata tano, unaweka kitu sufuriani, unatupa usizozitaka na kupewa nyingine, mara moja tu, kisha mwenye karata nzuri kuliko wote anachukua sufuria. Tatu zinazofanana si haba; tano za kufuatana ni bora zaidi; tano za rangi moja, yaani zote za moyo au zote za almasi, unaweza kuanza kuimba.

Na sufuria ilikuwa sufuria kweli, ya Mama Feli, yenye sikio moja. Hatukucheza pesa, nani angeitaka pesa mwaka ule? Tulicheza maharagi makavu, tukiyapima kwa kikopo cha tomati, na aliyeshinda alikwenda kuyapika. Mama Feli aliuza samaki wakavu wa ziwa Tshangalele na alikuwa ameokoka, ameokoka kabisa, wa kufunga siku tatu, na kwa hiyo kila alipopewa karata alifumba macho kwanza na midomo ikacheza. "Mama Feli," Papa Donat alimtania, "Mungu hachezake poker." Mama Feli hakufungua macho. "Hachezake," alijibu, "lakini anajua nani iko na njaa." Tulicheka, na mara nyingi yeye ndiye aliyebeba sufuria. Tulianza saa nane mchana, baada ya chakula, au baada ya saa ya chakula kwa wale ambao hawakula, na tuliacha wakati wa kuteka maji. Mahali petu palikuwa veranda hii hii, iliyokuwa ya Monsieur Kalala, mwalimu wangu wa hesabu. Shule ilikuwa imefungwa lakini hakujua kukaa bila kufundisha, na mwanafunzi aliyebaki karibu nilikuwa mimi.

Juma la kwanza nilipoteza kama mjinga. Nakumbuka mkono mmoja hasa: tano, sita, nane na tisa. Ilikosekana saba katikati, na ile saba niliiona tayari mezani, nilikuwa karibu kuishika. Sufuria ilikuwa na vikopo sita, na ili nipewe karata nilitakiwa kuongeza kimoja. Nilimimina kwa furaha, nikaletewa malkia, maharagi yakaenda kwa Mama Feli. Ilikuwa mara ya tano nafanya vile. Monsieur Kalala alikusanya karata polepole, akaziweka chini ya kiganja. "Odile, ulikuwa unangojea wageni wangapi?" Nikamwuliza wageni gani. "Ma cartes yenye ilikuwa na kukuokoa." Nikasema ni saba tu, na katika pakiti saba ziko nne. "Bon. Na ma cartes ngapi haukuona?" Nilitoa tano zangu katika hamsini na mbili. Makumi ine na saba, yaani arobaini na saba. "Wageni ine, basi. Ile ingine makumi ine na tatu inapita tu mu njia, haiingie kwako. Kila mugeni mumoja, bapita-njia karibu kumi na moja. Sasa sufuria ilikuwa na bikopo ngapi?" Sita. "Ulilipa kimoja juu ya kupata sita, na ilipashwa kuwa kumi na moja. Unaona? Haukupoteza juu ya bahati mubaya, mama. Ulipoteza mbele ya kupewa carte." Mbele, yaani kabla. Jioni ile kwa mjomba tulikula bukari, ndio ugali wetu, na mchicha wa lengalenga tupu, na mke wa mjomba aliniuliza maharagi yako wapi. Kichwani nilikuwa nimekwisha kuanza kugawanya.

Kesho yake Monsieur Kalala alifungua kabati lake la sahani, na upande wa ndani wa mlango akaandika kwa chaki. Ukiwa na nne za rangi moja na unangojea ya tano, wageni ni tisa, na sufuria lazima iwe na zaidi ya mara nne ya kile unachoombwa. Ukiwa na nne za kufuatana, wazi huku na huku, wageni ni nane, sufuria iwe karibu mara tano. Tundu katikati, wageni wanne, mara kumi na moja. Chini yake akaandika mstari mmoja: mgeni mmoja, usilipe kamwe. "Kungojea si bujinga," aliniambia. "Bujinga ni kungojea bila kujua bei." Niliyajua yale yote kwa siku mbili. Baada ya juma nilikuwa narudi nyumbani na maharagi, na mke wa mjomba aliacha kuuliza. Sijui kama vijana wa leo wanaelewa furaha ile: kila kitu katika mji kilikuwa kinaanguka bila sababu, na pale verandani kulikuwa na kitu kimoja ambacho ukikihesabu vizuri kinakutii. Monsieur Kalala mwenyewe alikuwa na kasoro moja tu. Ualimu ulimzidi, akawa anahesabu kwa sauti karata zake mwenyewe, hata sisi tukajua anangojea nini. Papa Donat alishika kichwa. "Monsieur, mu Serkle, muntu wa vile alikuwa anarudia kwake bila suruali."

Sasa lazima niseme jambo ambalo sisi wa Likasi tunapenda kulizunguka. Monsieur Kalala alizaliwa hapa, na baba yake alichimba shaba hapa, lakini jina lake lilikuwa la watu wa Kasai, jimbo jingine, na wakati ule neno lilikuwa limepita kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walipita barabarani na nyimbo. Nyumba zilivunjwa milango katika avenyu za jirani. Stesheni ilijaa jamaa nzima nzima chini ya mahema ya plastiki, wakingoja treni wiki na miezi; watu walikufa pale na watoto walizaliwa pale. Kwetu kulikuwa bado kimya, na kimya hicho kilikuwa na mwenyewe: mjomba wangu Kasongo, mtu wa kamati ya avenyu. Nilikuwepo alipomwambia Monsieur Kalala, mkono kifuani: "Monsieur, mukae. Minye nikiwa hapa, muntu hatabagusa." Na ili ahadi iwe na nguvu, aliomba karatasi ya kiwanja aiweke kwake, eti wakija watu awaonyeshe kwamba nyumba ile iko mikononi mwake. Monsieur Kalala alimpa. Alimshukuru, tena kwa mikono miwili.

Mke wake, Mama Kapinga, hakushukuru. Mafurushi yake yalikaa nyuma ya mlango, yamefungwa kwa kamba, na kila siku alilazimika kufungua moja ili atoe sufuria ya kupikia, kisha kulifunga tena. Niliwasikia siku moja nilipokuja mapema. Walikuwa wakigombana kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, na hasira ilipozidi wakarudi Kiswahili, maana ndicho walichozaliwa nacho. "Masomo itafunguliwa," alikuwa akisema Monsieur Kalala. "Mishahara ya nyuma bataleta. Na Kasongo iko na karatasi, iko na neno. Tukienda, tunaacha yote. Tukingojea, tunalipa siku moja moja, kiloko kiloko." Mama Kapinga alicheka kicheko kibaya. "Weye unahesabu ma carte, na batoto bako banalala na biatu." Ilikuwa kweli. Ngalula, wa miaka sita, na mdogo wake walilala na viatu miguuni, tayari kwa kukimbia, na asubuhi mama alivivua ili miguu ipumzike. Nilirudi nyuma hatua chache, nikakohoa, nikaingia kama mtu aliyefika sasa hivi.

Siku ya Jumanne, mwishoni mwa mwezi wa pili, nilikuwa jikoni nikichagua maharagi, na mjomba alikuwa sebuleni na vijana wawili. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba. "Ile ya mwalimu muache," alisema mjomba. "Iko yangu, karatasi niko nayo. Mbele ya mwisho wa mwezi wenye unakuya, mutamutosha mu nyumba polepole. Lakini musivunje ma vitre. Ma vitre sasa haipatikane." Kilichonitisha zaidi ni vile vioo vya madirisha. Sauti yake haikuwa na chuki hata kidogo. Aliongea kama mtu anayewaelekeza mafundi. Na mtu huyu ndiye aliyeuza redio yake aninunulie dawa nilipokuwa na malaria. Ningependa kuandika kwamba alikuwa shetani, ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa mtu aliyeona nyumba ya jirani inaanguka kama tunda kutoka mtini, akaweka kikapu chini. Nami nilijua hesabu: mgeni ambaye Monsieur Kalala alikuwa anamngojea kuliko wote, yaani ile karatasi na neno la mjomba, hakuwa tena katika pakiti. Alikuwa mkononi mwa mwingine, na ukimhesabu vile, unalipa bure mpaka unafilisika.

Sikusema. Siku nane sikusema. Nilijiambia kwamba mjomba akijua atanifukuza, na nitalala wapi? Nilijiambia pia kwamba mwezi una siku nyingi. Kila saa nane nilikwenda verandani, nikaketi mbele ya mtu yule, nikapokea karata kutoka vidole vyake, na nilicheza kama sijawahi kufundishwa: nililipia matundu, nikatupa jozi za wafalme. Papa Donat aliamua nimependa mwanaume. "Angalia macho," alisema. "Njo vile inaanzaka." Mama Feli alisema ataniombea. Monsieur Kalala alinitazama tu juu ya karata zake, kisha akaendelea kuhesabu kwa sauti. Siku ya Ijumaa treni iliondoka na jamaa za avenyu ya pili. Honi yake ilifika mpaka Kikula. Monsieur Kalala aliweka karata zake chini, akasikiliza mpaka ikaisha, na Mama Kapinga alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya kichwa cha Ngalula. Kisha mumewe akaziokota karata akauliza ni zamu ya nani.

Jumatano iliyofuata watu walisema kuna treni nyingine kesho, na baada ya hiyo hakuna anayejua. Papa Donat aligawa. Kila mtu aliweka kikopo kimoja, vikawa vinne. Mama Feli akafungua mchezo kwa kuongeza kimoja, vikawa vitano. Ilikuwa zamu ya Monsieur Kalala. "Ma coeur," alisema, akigonga karata zake za moyo kwa kidole, "niko nayo ine. Wageni tisa. Bananiomba kikopo kimoja, sufuria iko na bitano. Tisa inataka ine na kiloko. Basi, minalipa." Akainua kikopo. Mimi nilikuwa na mkono bora wa juma zima: kumi tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya moyo, na karata mbili nyingine, mfalme na tatu, nazo za moyo. Nilihitaji kukaa kimya tu, nami ningekwenda nyumbani na maharagi ya siku mbili. Nyuma ya bega lake niliona mafurushi, na mbele ya mafurushi viatu vinne vidogo vimepangwa. Kabla hajamimina, nililaza karata zangu zote tano mezani, uso juu.

"Monsieur, si tisa," nilisema. "Iko sita."

Papa Donat aliruka. "Odile! Umelewa? Carte haionyeshwake!" Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza, na nilisema kama ubaoni, kwa kuwa bila hesabu nisingeweza kusema kabisa. "Munaona tano zangu na tano zenu. Inabakia makumi ine na mbili. Wageni sita, bapita-njia makumi tatu na sita. Ni sita kwa moja, na sufuria iko na bitano tu. Haifae kulipa." Monsieur Kalala aliniuliza kwa sauti ndogo sana: "Na bale batatu?" Nilionyesha kwa kidevu dirisha la mjomba. "Bale munabangojea, beko kwetu. Habatakuya, Monsieur. Na karatasi yenu haitarudia. Mbele ya mwisho wa mwezi batakuya kubatosha mu nyumba. Nilisikia." Aliuliza tangu lini. "Tangu Jumanne ya ile juma ingine," nilijibu, nikainamisha uso, kwa kuwa aibu ya siku nane ilikuwa nzito kuliko hofu ya mjomba.

Alishusha kikopo chake, hata harage moja halikudondoka. "Asante, Odile," alisema. "Minaacha." Aligeuka kumwita mke wake, lakini Mama Kapinga alikuwa tayari anafunga furushi la sufuria, safari hii kwa mafundo mawili. Kwa sheria ya mchezo mkono uliofunuliwa umekufa, Papa Donat alikuwa ametupa zake, na sufuria ilikuwa ya Mama Feli, aliyekuwa na jozi ya sita tu. Aliichukua bila kufumba macho, akaingia nayo ndani, akaimwaga yote katika kitenge cha Mama Kapinga. Na Papa Donat aliyekuwa anafoka dakika iliyopita alikwenda kwake. Asubuhi alirudi amevaa koti jeupe la Serkle, limepigwa pasi, vifungo vya shaba vinang'aa, anasukuma mkokoteni wa pusipusi. Alipakia mafurushi na watoto, akawavusha Kikula nzima mpaka stesheni, mbele ya vijana wa nyimbo, akiwa amenyoosha mgongo kama anapeleka kahawa kwa mkurugenzi. Hakuna aliyemsimamisha. Nafikiri walidhani ni jambo la serikali.

Mimi sikuwasindikiza. Niliogopa kuonekana. Mjomba alishangaa kidogo kwamba mwalimu ameondoka kwa hiari yake, akafurahi juu ya madirisha, na baada ya siku tatu tukahamia. Wa meza yetu ya karata hakuna aliyesema ni nani aliyefichua. Papa Donat na Mama Feli wamekwenda kaburini na siri yangu. Mjomba alinipa mimi chumba cha watoto, kama zawadi, kwa kuwa nilikuwa nasoma vizuri kabla shule haijafungwa. Kwa hiyo nilisema kweli na bado nikalala katika chumba cha Ngalula, nikatoa sahani katika kabati lenye chaki mlangoni, ambayo sijawahi kuifuta. Sikujua kama walifika. Miaka thelathini nimeishi bila kujua kama niliwaokoa au niliwatuma wakafie njiani.

Maharagi yaliiva. Ngalula aliamka, tukala bukari kwenye meza ile ile, na kabla hajamaliza tonge la pili nilimwambia. "Ngalula, nilijua siku nane. Nilinyamaza siku nane." Alinawa vidole, akanitazama kwa upole ulionitisha. "Papa alijua, Tantine." Nikamwuliza alijua nini. "Ile siku ulianza kucheza mubaya, akamuambia mama: Odile anajua hesabu, na sasa analipia bitundu. Iko na kitu anaficha, na hii kitu ni yetu. Mama akasema, basi, si umejua? Twende na train ya Ijumaa. Ile ilikuwa na nafasi mu wagon ya kufunikwa. Papa akakatala. Akasema: minye nilizaliwa mu hii muji. Tumungojee yeye mwenyewe aseme. Nisiende na kuwaza kama hakuna hata muntu mumoja alituambia kweli." Alicheka kidogo. "Njo tulipanda ile ya Alhamisi. Wagon wazi, mvua siku tisa. Mama hakumusamehe. Mpaka mama anakufa, kila mvua ikinyesha kule Mwene-Ditu, alikuwa anamuangalia tu. Na papa anasema: lakini alikuya, Kapinga. Mugeni alikuya."

Niligeuza uso kwenye kabati. Chini kabisa ya mlango ule, kwa mwandiko wake, bado inasomeka: mgeni mmoja, usilipe kamwe. Na yeye alilipa. Alilipa wagoni ya kufunikwa, alilipa usingizi wa mke wake na miguu ya watoto wake, akiningojea mimi, msichana mwoga wa nyumba ya pili, peke yangu kati ya watu wote wa avenyu. Nililia mbele ya mgeni wangu bila kujifunika. Kisha nilisimama, nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikaondoa vitenge kimoja kimoja. Niliileta ile karatasi mezani na kuilaza kando ya sahani yake, uso juu, jina la baba yake likimwangalia.

Aliisoma polepole, midomo ikicheza, akagusa jina kwa ncha ya kidole. "Tantine," aliuliza, "hii munanionyesha tu, ao munanipa?"

"Ile siku nilionyesha tu, na nyumba ikabakia kwetu," nilimwambia. "Leo minakupa."

Alivuta sahani yangu, akanipakulia maharagi mengine, na tukamalizia bukari iliyokuwa imepoa.